Kofia Isiyopimwa

Walikubaliana kwamba watajifanya hawajuani. Aliyeomba hivyo ni Daktari, jana yake kwenye simu, kwa sauti ile ya chini anayoitumia kuwaambia wagonjwa kwamba jino litatoka bila maumivu. Nahodha akakubali. Alikubali upesi mno, kisha akakaa kitandani na simu mkononi, akijiuliza ni mwanamke gani mwenye akili zake timamu anayekubali jambo kama hilo.

Nahodha halikuwa jina lake. Alipewa na wenzake kazini kwa sababu yeye ndiye aliyetangulia mbele ya kila msafara, mgongo umenyooka, fulana ya kampuni imepigwa pasi. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni katika mji wa kale juu ya segwei, vile vigari vya magurudumu mawili ambavyo mtu husimama juu yake na kushika mpini. Ukiinama mbele kidogo kinakwenda, ukijivuta nyuma kinasimama. Hakina breki ya kukanyaga. Mwili wako ndio breki, na mwili, kama alivyopenda kuwaambia wageni, haujui kusema uongo.

Mwaka mmoja nyuma Daktari alikuwa mmoja wa wageni hao. Alianguka mara mbili, akacheka mara mbili, na wiki iliyofuata akarudi kulipia ziara ileile. Alipoikata tiketi ya tatu, karani wa dirishani alimwuliza kama kuna kitu amekipoteza huko mjini. Baada ya hapo hakuhitaji tiketi tena. Alikuwa akifunga kliniki yake na kuja moja kwa moja uani kwa kampuni, na Nahodha akimfundisha kupita katikati ya ndoo zilizopangwa, mpaka akaweza kuendesha kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa na kikombe cha chai.

Tatizo lilikuwa mama yake. Daktari alipojaribu kumdokeza tu kwamba kuna mtu, tena aliyemzidi umri kidogo, tena aliyewahi kuolewa na kuachika, mama alijibu kwa maneno machache: "Usiniletee nyumbani mtu aliyekwisha toka kwenye nyumba nyingine." Daktari akafunga mdomo, na tangu siku hiyo hakuufungua.

Sasa mama alikuwa amekuja kumtembelea, na dada yake Daktari, mshona mapazia mwenye maneno mengi na moyo mwepesi, akaona amfurahishe mama aliyestaafu ualimu kwa kumnunulia ziara ya mji. Alikwenda kwenye dirisha la kwanza la tiketi aliloliona. Hakujua kitu, maskini.

Asubuhi hiyo walikuja watatu. Nahodha alikuwa akipanguza mipini kwa kitambaa alipowaona wakiingia getini, na japo alikuwa amejiandaa usiku kucha, aliupanguza mpini uleule mara ya pili.

"Shikamoo mama. Karibuni sana."

"Marahaba, mwanangu." Mama alikuwa mwembamba, mrefu, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Aliyatazama yale magari kama anayatazama madaftari yaliyoandikwa vibaya. "Haya ndiyo mambo yenyewe?"

"Ndiyo haya, mama. Ukishayazoea hutataka kushuka."

"Tutaona."

"Mimi nimeshaogopa," alisema Dada, "na nimeshalipa, kwa hiyo nitaogopa mpaka mwisho."

Daktari alisimama nyuma yao akijifanya anasoma bango la ukutani ambalo alikuwa amelisoma mara nyingi kuliko mtu yeyote mjini. "Habari yako," alimwambia Nahodha.

"Nzuri. Karibu," alijibu Nahodha.

Akaanza kugawa kofia ngumu. Alimpima mama kichwa kwa viganja, akajaribu kofia ya kwanza, akaona inacheza, akachukua nyingine, akavuta mkanda chini ya kidevu mpaka ukakaa. Dada alikuwa na nywele nyingi, ikabidi Nahodha azifungue na kuzifunga upya shingoni ndipo kofia ikaingia. Kisha Nahodha akanyoosha mkono kwenye rafu, akachukua kofia moja pembeni, akampa Daktari. Daktari akaivaa, akabana kifungo, kikalia tap. Mama akaweka miwani yake machoni.

"Somo la kwanza," alisema Nahodha, "mashine inakwenda unakotazama. Ukitazama ukuta, utaukuta ukuta. Ukiogopa shimo ukalikodolea macho, utaingia shimoni. Tazama unakotaka kufika. Na kusimama ni hivi: jivute nyuma taratibu, kama mtu anayetaka kukaa kitini."

"Na kama hakuna kiti?" aliuliza Dada.

"Jifanye kipo."

Mama alijifunza haraka kuliko alivyotegemea mtu yeyote. Dada alizunguka uani akimwomba Mungu kwa sauti. Daktari naye alivunga vizuri mno, kama hajawahi kupanda. Alipanda akayumba, akakamata mpini kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika mbuzi mkorofi. Nahodha alilazimika kutazama pembeni asicheke, kisha akakumbuka kwamba hapakuwa na la kuchekesha.

Wakatoka. Nahodha mbele, mama nyuma yake, Dada, na Daktari mkiani. Walipita chini ya lango la mawe, mahali ambapo minyororo ya zamani iliacha mikwaruzo ukutani, wakaingia kwenye kichochoro cha wahunzi ambako siku hizi huuzwa viatu. Magurudumu yalikoroma kidogo kwenye mawe. Watu walipisha, wengine wakapunga mkono. Asubuhi ilikuwa tulivu, na jua lilikuwa bado halijashuka mpaka chini ya kuta.

Waliposimama mbele ya nyumba yenye milango miwili, Nahodha akasimulia kama alivyosimulia siku zote: jinsi ndugu wawili walivyorithi nyumba moja, wakagombana, kila mmoja akatoboa mlango wake, wakaishi humo maisha yao yote wakipishana bila salamu.

"Ukuta wa katikati waliujenga?" aliuliza mama.

"Hapana, mama. Hapo ndipo wageni hushangaa. Ndani ni nyumba moja. Walikuwa wanaonana kila siku, ila walikubaliana kutoonana."

Alipomaliza kusema hayo akahisi uso unapata moto. Hakukusudia. Ile hadithi aliisimulia kila siku bila kuwaza. Akainua macho, akakutana na macho ya Daktari, na kwa muda mfupi hakuna aliyekumbuka makubaliano. Kigari cha Daktari kikaanza kusogea. Kilimpita Dada, kikampita mama, polepole, kikaja kusimama karibu kabisa na cha Nahodha, mpini kwa mpini.

"Samahani," alisema Daktari, akijivuta nyuma. "Kimejiendea."

"Kinakwenda unakotazama," alisema mama. "Si ndivyo tulivyoambiwa?" Akamgeukia mwanawe, sauti yake ya kawaida tu. "Kwani mnajuana?"

Dada akaacha kujipepea. Nahodha alishika mpini wake na kungoja. Alijua walichokubaliana, na bado alingoja, kwa sababu moyo hausomi makubaliano. Sema tu, aliwaza. Sema neno moja, hata kama litaleta vita.

"Hapana, mama," alisema Daktari. "Ndiyo kwanza namwona leo."

Mama akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Haya." Nahodha akasema, "Tuelekee kwenye mnara wa saa," na sauti yake ikatoka nzima. Ilimuuma zaidi kwamba ilitoka nzima.

Uwanja wa mnara umetandikwa mawe na umeinama kidogo upande mmoja, ambako kuna ngazi pana zinazoshuka mpaka kwenye maduka ya chini. Nahodha huwaonya wageni wote kuhusu ngazi hizo kabla ya kufika. Siku hiyo alisahau. Aliendelea mbele akieleza habari za saa iliyoletwa vipandevipande na fundi aliyeiunganisha mpaka akazeekea humo mnarani, na akili yake yote ilikuwa kwenye lile neno hapana.

Mama aliziona ngazi mwenyewe. Aliziona, akazikodolea macho, na kigari kikafuata macho. Alipohisi kinashika kasi akaung'ang'ania mpini na kuuvutia kifuani, na kwa kufanya hivyo akazidi kuinama mbele.

Hakupiga kelele. Aliita tu, "Mwanangu," na haikujulikana anamwita nani.

Nahodha aligeuza pale alipo. Kutoka mkiani Daktari alikuja kwa kasi, amechuchumaa kidogo, akakata kona kati ya Dada na benchi kwa mkono mmoja, wa pili ameshaunyoosha. Walimfikia mama kwa wakati mmoja, yeye kushoto, Nahodha kulia. Kila mmoja akashika ncha moja ya mpini. Hawakuambiana kitu. Walijivuta nyuma pamoja, na vigari vyote vitatu vikapunguza mwendo, vikasimama, mama katikati, ngazi zikiwa mbele yao kwa umbali wa mtu aliyelala.

"Teremsha mguu mmoja, mama," alisema Nahodha. "Nimekushika. Sasa mwingine. Basi."

Wakamketisha kwenye benchi. Dada alifika akihema, akamkumbatia mama, akamwachia, akamkumbatia tena. Kisha akamgeukia mdogo wake na kumtazama juu mpaka chini.

"Wewe," alisema. "Uani ulikuwa unatetemeka kama kifaranga. Hayo ya mkono mmoja umejifunzia wapi?"

Mama alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya nguo yake, akaivaa tena.

"Mwache," alisema. "Mimi nilijua tangu uani."

"Ulijua nini?"

"Kofia." Mama alimtazama Nahodha, bila ukali. "Mimi ulinipima mara mbili. Huyu binti yangu ukamfungua nywele. Huyu mwingine ulimpa tu. Hukumpima kichwa, hukugusa mkanda, akaivaa ikamkaa. Nimefundisha watoto maisha yangu yote, mwanangu. Aliyenakili jibu namjua kabla hajaleta daftari."

Nahodha akaitazama kofia iliyo kichwani mwa Daktari. Kofia ile aliitenga mwenyewe miezi mingi iliyopita, akaurekebisha mkanda wake, akaiweka pembeni ya rafu asije akaivaa mtu mwingine. Mkono ulikwenda pale asubuhi bila kumwuliza.

"Mama," Daktari alianza, "nilitaka kukwambia kwa wakati wake."

"Wakati upi?"

Daktari akautazama mnara wa saa.

"Ulisema hutaki mtu aliyewahi kuolewa," alisema Daktari.

"Nilisema. Na sijaona bado la kunibadilisha mawazo." Mama aliongea taratibu, kama anayesoma imla. "Lakini mimi nilimkataa. Mtu akikataliwa anajua yupo. Wewe umeulizwa kama unamjua, ukasema hapana, na yeye amesimama hapo anasikia. Kati yangu na wewe, nani aliyemtendea vibaya zaidi?"

Daktari akainamisha kichwa.

"Nilikuuliza nikiwa na jibu mkononi," mama aliendelea. "Sikutaka jibu. Nilitaka kuona nimemlea mtu wa namna gani. Basi, nimeona. Sisemi zaidi."

"Mama, kama umepumzika tuondoke," alisema Nahodha. "Kuna kundi jingine linazisubiri mashine. Na nisamehe kwa zile ngazi. Ilikuwa kazi yangu kukuonya."

"Ilikuwa kazi yako," alikubali mama. "Lakini leo hukuwa peke yako kichwani. Nipe mkono nipande."

Njia ya kurudi ilipita kando ya ukuta wa mji, barabara pana, tupu, yenye kivuli. Mama aliendesha akitazama mbele kama alivyoelekezwa. Dada alimfuata karibu, asimwachie hata hatua moja. Daktari alitoka mkiani, akaja sambamba na Nahodha.

"Rudi kwenye mstari, Daktari. Ni sheria."

"Nisamehe."

"Hiyo ni sauti ya kliniki. Mimi siumwi jino."

Daktari akapunguza mwendo, kisha akamfikia tena. "Nilikuambia jana. Ulikubali."

"Nilikubali, ndiyo. Nilidhani nitaweza." Nahodha hakugeuza uso. "Mume wangu wa zamani alikuwa akinitambulisha kwa watu kama dada wa kazi anayemsaidia nyumbani. Nilikuambia hilo?"

"Hukuniambia."

"Basi nimekuambia. Alisema ni utani tu. Nilitoka kwenye ile nyumba nikiwa nimeapa kwamba sitajificha tena nyuma ya mlango wa mtu. Halafu jana ukaomba kwa sauti nzuri, nikajificha."

"Sasa mama ameshajua. Nitamweleza kila kitu."

"Akikuuliza tena utasema ndiyo. Najua. Mtu akibanwa husema." Alimeza mate. Alimpenda, hilo halikuwa na mjadala. Alimpenda mpaka na jasho la kiganja chake alilokuwa akiliacha kwenye mpini. "Mimi sitaki mtu wa kubanwa. Nikizirudisha hizi mashine kwenye chaji, mimi na wewe tumeishia hapo. Rudi kwenye mstari."

Akarudi.

Uani walishuka mmoja mmoja, Nahodha akiwapa mkono kila mtu, na Daktari pia, kwa sababu ndiyo kazi. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Dada akatoa simu, akamnyooshea Nahodha.

"Tupige picha ya ukumbusho. Tuliokoka."

Hilo nalo lilikuwa sehemu ya kazi. Kila ziara huishia na picha mbele ya ukuta wa bango, na aliyeshika simu huwa ni Nahodha, hivyo katika mamia ya picha zilizosambaa majumbani kwa watu hakuna hata moja aliyomo yeye. Hakuwahi kulijali jambo hilo mpaka leo.

"Mama katikati. Dada, sogea kidogo. Daktari, upande wa pili." Aliinua simu. Kwenye kioo waliingia wote watatu, wadogo, wamepangika. Akajiambia kwamba akishabonyeza hapo, atakuwa amemaliza. "Tazameni huku."

Daktari alikuwa akitazama huku tangu mwanzo. Akaanza kutembea.

"Daktari, rudi kwenye nafasi yako, picha itaharibika."

"Sirudi."

Hakuna aliyemwuliza kitu. Mama alikuwa akinyoosha nguo yake, Dada akiweka nywele sawa. Daktari alitembea mpaka akafika nusu njia, akageuka, na aliposema haikuwa tena sauti ya kliniki. Ilikuwa nene, na ilitetemeka.

"Mama, nilisema uongo. Huyu namjua. Namjua mwaka mzima. Anakunywa chai bila sukari, akikasirika anapanguza mipini, na mimi nikifunga kliniki miguu inakuja huku yenyewe. Ni yeye ninayetaka kumwoa. Ukikataa nitaumia, lakini nitakuwa nimekataliwa pamoja naye, si nyuma yake. Nawe dada, samahani kwa kuiharibu zawadi yako."

"Usijali," alisema Dada, akifuta machozi kwa mkia wa nywele zake. "Zawadi imelipa."

Kisha Daktari akamgeukia Nahodha. "Sijui kama bado unanitaka. Nimesema tu kwa sababu ni kweli."

Nahodha alikuwa bado ameinua simu. Hakukumbuka kama alibonyeza. Alitaka kusema amechelewa, na alitaka kusema asante, na machozi yakawahi yote mawili. Hakuyaficha.

"Umesema bila kuulizwa," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Basi ngoja nione utasema hivyohivyo kesho."

"Kesho nitasema kwa sauti zaidi."

Mama akakohoa. Akaja akisukuma miguu kama aliye bado juu ya magurudumu, akasimama mbele ya Nahodha. Walilingana urefu.

"Mimi sijasema ndiyo," alisema.

"Sijakusikia ukisema, mama."

"Vizuri. Nataka tusikilizane mapema." Akamkabidhi kofia aliyokuwa ameivua na kuishika kwapani. "Naondoka mwisho wa wiki. Kabla ya hapo uje kwa huyu kijana, uje mchana, tule. Nimekuona ukiwa umesimama. Nataka kukuona ukiwa umekaa kitini."

"Nitakuja, mama."

"Chai yako sitaitia sukari." Akanyoosha mkono kupokea simu. "Hebu tuone hiyo picha."

Picha ilikuwepo. Mama na Dada walisimama mbele ya bango, wamepangika sawa kabisa, na kando yao palikuwa na nafasi tupu. Daktari alikuwa mbele, mkubwa, amefifia kwa mwendo, anakuja, kofia ngumu bado kichwani.

"Hata kofia hakuvua," alisema Dada.

Nahodha akamgeukia Daktari. Akapeleka mkono chini ya kidevu chake, vidole vikakiendea kifungo bila yeye kukitazama, kikalia tap, na mkanda ukaachia. Mama aliona. Safari hii akavua miwani, akageukia ukuta, akaanza kulisoma lile bango neno kwa neno.